Taa ya injini: waulizeni wabunifu habari za usiku wa nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie taa za kubeba zinazoendeshwa na injini ndogo. Kila baada ya muda huonyeshwa kijana aliyefunga taa kwenye injini ya mashine ya kufyekea nyasi: kamba inavutwa, injini inanguruma, uwanja mzima unawaka, watu wanapiga makofi. Sifa anazistahili. Ila kinachopigiwa makofi ni kile kilicho rahisi. Kuwasha taa kwa injini ni kazi ya mchana mmoja. Kuifanya isijiunguze, isimdhuru aliyeibeba, na iwe na sababu ya kuwepo zama hizi za betri za lithiamu, hapo ndipo penye kazi, na hapo hakuna anayeuliza.

Injini yenyewe wameichagua vizuri, na sababu ni kabureta. Jenereta ya kawaida ina kabureta ya kiboya: petroli hukaa kwenye kikombe, na ukiinamisha sana injini inazima. Ya kufyekea ina utando mwembamba unaovuta petroli kwa mapigo ya injini yenyewe, kwa hiyo taa inaelekezwa juu ya mnara au chini ya lori bila kukatika. Kwenye stroki mbili oili imo ndani ya petroli, haijali mlalo. Kwenye stroki nne zipo zilizoundwa kulainishwa katika kila mlalo, kama Honda GX25 ya cc 25 (cc ni ukubwa wa silinda) na kilo 2.9 bila mafuta, au GX35 ya cc 35.8 inayotoa kilowati 1 kwa mizunguko 7,000 kwa dakika.

Shida inaanzia kwenye ukubwa. Zilizojaa madukani ni stroki mbili za cc 43 na 52. Taa ya LED ya wati 60 pamoja na chaji ya betri ndogo haidai zaidi ya wati 150 kwenye shafti, na injini ya cc 52 inaweza kutoa mara nane ya hizo. Ni kukodi fuso ibebe mfuko mmoja wa saruji. Ikizunguka hivyo saa nyingi haipati joto la kuchoma oili yake: plagi inalowa na kuwa nyeusi, tundu la moshi linaziba kwa kaboni, na usiku wa pili kamba inavutwa mpaka bega linauma. Wengi hubadilisha plagi wakidhani ni mbovu. Wengine hupunguza oili, na hapo pistoni inakwaruzika. Kama kiwanda kimeandika 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, weka hizo hizo. Cha kupunguza ni cc.

Dinamo nayo ina mitego. Alternata ya gari inavutia kwa kuwa ina regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani, lakini ni kilo nne au tano, na koili yake ya kujitengenezea sumaku inakula makumi ya wati kabla taa haijapata kitu. Inafaa kwa taa ya kusimikwa kwenye stendi, si ya begani. Bora ni mota ndogo ya sumaku isiyo na brashi, ambayo ukiizungusha inatoa umeme kwenye nyaya zake tatu nene. Kama ina nyaya tano nyembamba pembeni, hizo ni za vihisio vya kuiongoza ikiwa mota. Zifunike moja moja kwa tepu uziache.

Usinunue mota kwa kuangalia wati tu. Jua inatoa volti ngapi kwa mzunguko. Ifunge kwenye drili ya kasi inayojulikana, pitisha nyaya tatu kwenye diodi sita zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC, kisha pima DC. Usipime AC moja kwa moja, kwani mita nyingi za bei nafuu zinadanganya masafa yakipita hezi 400. Drili ikiwa na mizunguko 2,800 kwa dakika na mita ikisoma volti 8.9, ongeza 1.4 zinazopotelea kwenye diodi, upate 10.3. Gawanya: mota inahitaji takriban mizunguko 270 kwa kila volti. Ili kuchaji betri ya volti 12 kwa 14.4, ongeza tena ile 1.4, zidisha kwa 270, inakuja karibu 4,270. Mzigo ukiingia volti hushuka, kwa hiyo injini ikae 4,500 hadi 4,800. Hapo klachi ya injini, inayoshika yenyewe kasi ikipanda, nayo inakuwa imeshika sawasawa; ukiing'ang'aniza kwenye 4,000 inateleza, na utaijua kwa harufu.

Sasa kile ambacho huunguza taa hizi. Injini za kufyekea kwa kawaida hazina gavana, kifaa cha kudhibiti kasi. Taa ikizimwa au waya ukichomoka ghafla, mzigo umetoweka lakini kabureta iko pale pale ilipofunguliwa, injini inapaa. Ikifika 9,000, mota ileile inatoa zaidi ya volti 30 kwenye mfumo wa 12. Draiva ya LED inalipuka, betri inachemka, na mbunifu anasema amenunua LED feki. LED haikuwa feki.

Kinga yake ni bodi ndogo ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayopima volti, iwekwe ikate kwenye 15, na ifungwe kwenye waya wa kuzimia injini, ule unaotoka kwenye koili ya plagi kwenda swichi. Waya huo ukigusa chuma cha injini, cheche inakufa. Zingatia mambo mawili. La kwanza, tumia rilei yenye mguso wa chuma, si transista, maana waya huo hurusha mamia ya volti kwa vipindi vifupi mno. La pili, tumia mguu ambao umefungwa rilei ikiwa haina umeme, ule ulioandikwa NC: betri ndiyo iishikilie rilei ili injini iruhusiwe kuwaka. Waya ukilegea, betri ikichomoka au bodi ikifa, injini inazima yenyewe. Ukifunga kinyume, siku kinga inapoharibika hutajua mpaka moshi utoke. Halafu mpe injini kitu cha kuishusha: kiserva, yaani mota ndogo ya kuvuta kebo ya mafuta, kinachofuata volti, au mkono wa mtu aliyeelezwa kwamba hazimi taa kabla hajapunguza mafuta.

Betri lazima iwepo kati ya dinamo na taa, hata ile ndogo ya jeli ya 12V 7Ah. Bila hiyo mwanga unatetemeka kwa kila pigo la pistoni: stroki nne kwa mizunguko 5,000 hulipua mara 42 kwa sekunde, na jicho linaona. Ila betri hiyo ina kikomo cha chaji, mara nyingi ampea 2 na ushee, kimeandikwa ubavuni. Taa ya wati 60 inakula ampea 5. Dinamo ikitoa 7, mbili zinaenda betri, sawa. Taa ikizimwa, zote saba zinaelekea betri. Hapo tena tunarudi kwenye kupunguza mafuta kwanza. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na nguzo ya betri, waya uwe wa milimita za mraba 2.5.

Kuhusu joto: kwenye LED ya wati 60, takriban 40 zinakuwa joto tupu. Wengi huweka mapezi ya alumini pale feni ya injini inapotolea upepo, wakidhani wamepata upepo wa bure. Upepo ule umeshapita kwenye silinda. Mapezi yakae upande feni inakovuta hewa. Diodi sita nazo zinatoa joto la wati kama kumi kwa ampea 7, kwa hiyo na zenyewe zifungwe kwenye alumini.

Mtikisiko huua kimyakimya. Kiungo cha risasi kinapasuka ndani ya wiki, ilhali teminali iliyobanwa kwa koleo yake, na waya wa nyuzinyuzi uliofungwa sentimita chache kabla ya kiungo, vinadumu. Kapilingi ya raba, inayounganisha shafti ya injini na ya mota, inasamehe shafti kupishana kidogo, lakini ukizungusha kwa mkono na pengo likabadilika kuliko fila (bati jembamba la kupimia pengo) ya milimita 0.2, bearingi za mota hazitamaliza msimu.

Moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Taa hii haiingii hemani, chumbani, kontenani, wala shimoni kwa mchimbaji, hata kwa dakika tano za kuangalia kitu. Na sikioni ni karibu desibeli 100. Anayeibeba avae vizibo.

Baada ya yote hayo, je, inafaa? Tuiweke kwenye mizani. Wati 60 kwa saa sita ni saa-wati 360. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya ampea 30 kwa volti 12.8 ina 384, uzito wake kama kilo nne, haina kelele wala moshi. Taa ya injini yenye dinamo, betri ndogo, tangi na fremu haishuki kilo nane kirahisi. Mafuta kadiria robo lita mpaka karibu nusu lita kwa saa kwa mzigo mdogo kama huu, ila upime mwenyewe: mimina mililita 100 kwa chupa ya vipimo, washa, shika saa mpaka izime. Tuseme lita mbili kwa usiku, kilo moja na nusu. Usiku mmoja: kilo tisa na nusu dhidi ya nne. Usiku tatu bila mahali pa kuchaji: kumi na mbili na nusu dhidi ya kumi na mbili za betri tatu. Usiku wa nne ndio injini inashinda, kumi na nne dhidi ya kumi na sita. Kwa hiyo anayeitaka kwa kutengeneza gari njiani au kulinda sherehe anajibebesha bure. Wachimba visima walio mbali na umeme, au kikosi cha uokoaji katika siku za mawingu sola isipofaa, hao wana hoja.

Na hata kwao, ningependa kuona mbunifu anayezima injini. Chukua ile betri ya ampea 30, mpe dinamo ya wati 200 na kidhibiti cha chaji kinachofaa lithiamu, washa injini jioni kwa muda wa saa mbili ikiwa na mzigo unaoitosha, kisha izime na ufanye kazi usiku kucha kimya. Saa za injini zinashuka kutoka sita hadi mbili, plagi inabaki kavu, na mafuta yanapungua sana kwa sababu injini ndogo hupoteza zaidi ikiwa haina mzigo. Haitavutia macho ya watu kama tochi inayonguruma mkononi. Mimi ningeipa tuzo.

Nina maombi mawili kwa chumba chako cha habari. Msichapishe mchoro na maelezo kamili ya kifaa kabla mwenyewe hajapeleka maombi ya hataza BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), kwani kitu kikishatangazwa upya wake unaweza kuhojiwa. Na mwandishi wenu akienda kupiga picha, abebe mita ya volti. Aiunganishe kwenye betri, asogee nyuma hatua chache, kisha amwombe mbunifu achomoe taa injini ikiwa kwenye kasi yake ya kazi. Injini ikizima ndani ya sekunde moja, andikeni ukurasa wa mbele.

Fundi wa injini ndogo na umeme,
Mwanza