Tulilipia nyumba Kigamboni, tukakuta wenzetu wanachoma samaki

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na mashuka hapa Mbagala Kizuiani. Naomba nafasi nieleze yaliyonikuta Kigamboni, maana kila ninayemsimulia ananijibu "umetapeliwa, mama, pole", na mazungumzo yanaishia hapo. Sikutapeliwa. Ningetapeliwa ningejua pa kuanzia: namba ya tapeli tumeambiwa tuiripoti 15040, nasi tumeshazoea zile "pesa tuma kwenye namba hii". Huyu wangu, mwenye nyumba niliyemlipa, yupo, nyumba yake ipo, simu anapokea, na shikamoo ananipa kila tukiongea.

Ilikuwa wiki ya Idd. Mama yetu magoti yanamsumbua, bahari alikuwa hajaiona kwa muda mrefu, tukaona ndugu tuchange tukodi nyumba ya ufukweni siku mbili. Binti yangu akaipata kwenye programu moja ya simu: vyumba vinne, mnazi umeinamia geti. Tatizo programu ile inataka kadi ya benki, nami pesa yangu yote iko kwenye simu. Akaitafuta Instagram, akaikuta nyumba ileile, mnazi uleule, na namba ya mwenyewe chini. Mwenye nyumba akasema hakuna shida, tulipane wenyewe kwa wenyewe, tena kutoka 220,000 kwa usiku atanipa kwa 180,000. Nilifurahi sana siku ile. Baadaye ndipo binti akaniambia kuwa programu kama Airbnb huishikilia pesa ya mgeni, mwenye nyumba haipati mpaka yapite kama saa 24 tangu mgeni aingie. Kumbe zile elfu arobaini nilizopunguziwa kila usiku ndizo zilizokuwa bei ya ulinzi wangu.

Nilipotuma nusu, jina likaja la mwanamke. "Ni la mke wangu, mama." Siku tatu kabla ya safari akapiga tena: kuna mteja mwingine anaiulizia, nimalizie yote, na juu yake laki moja ya amana, kama kuna kitu kitavunjika. Nikamaliza. Jumla 460,000.

Jumamosi tukaondoka na Coaster ya kukodi, watu kumi na wanne na sufuria la pilau. Sisi wa Mbagala hatuhitaji pantoni wala daraja, tunakatia Kongowe tunatokea Kibada. Saa tano asubuhi tuko getini, na mnazi tunauona, umeinama kweli kama kwenye picha. Ndani kuna muziki, vijana wa bethidei, samaki wako juu ya jiko. Mlinzi, kijana mpole tu, akatoa simu yake akanionyesha ujumbe wa bosi wake: wageni kumi na wawili, wanaingia Ijumaa, wanatoka Jumapili. Wale walikuwa wamelipa kupitia dalali aliyeitangaza nyumba WhatsApp. Nao hawakuwa na kosa, walitukaribisha hata samaki. Mama akakalishwa kwenye ndoo iliyofudikizwa chini ya mwarobaini, akakaa saa moja na nusu na mkoba mapajani kama anasubiri basi la mkoa.

"Kumetokea mkanganyiko kidogo, mama," mwenye nyumba akasema kwenye simu. Atatuhamishia kwa rafiki yake, nyumba ni nzuri kuliko hata hii. Akatuma picha. Mhariri, mimi kazi yangu ni madirisha. Picha ya sebule ilikuwa na dirisha la alumini na pazia la ringi kwenye bomba la chuma. Picha ya chumba, dirisha la mbao lenye wavu, pazia limepitishwa kamba. Nikamwambia binti yangu hizo ni nyumba mbili tofauti, na tunakokwenda ni kwenye kamba.

Ndiko tulikokwenda. Baharini ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye magoti mazima, kwa hiyo mama hakufika. Simtanki lilikuwa kavu. Luku inasoma uniti 1.8, umeme nikanunua mimi. Tulilala usiku mmoja kwa sababu Coaster ilishaondoka na watoto wana njaa, Jumapili asubuhi tukarudi Mbagala.

Hapo ndipo hesabu zetu zinapogongana. Mlinzi wa nyumba ile ya pili aliniambia kwao usiku ni 90,000. Mimi nasema nidaiwe hiyo 90,000 basi. Mwenye nyumba anasema nimelala, hivyo usiku mmoja umeliwa kwa 180,000, bei tuliyopatana. Mpaka leo amerudisha 150,000 kwa mafungu matatu, na mara zote hakuweka ya kutolea. Kwa hesabu yangu bado namdai 220,000. Kwa yake zimebaki 130,000, na hata hizo hazijaja.

Kituo cha polisi walinisikiliza vizuri, wakasema hilo ni la madai, niende mahakama ya mwanzo. Na ushahidi gani? Nina ujumbe wa muamala wenye jina la mwanamke nisiyemjua. Nikamwendea mwenyekiti wa mtaa ule, akashangaa, alidhani wale wanaoingia na kutoka ni jamaa wa mwenye nyumba. Gesti ya elfu kumi na tano hapa kwetu ina bei ukutani na kitabu cha wageni, unaandika ulikotoka, unakokwenda, mpaka kabila lako. Nyumba ya 180,000 haina hata daftari la shule la kuandika nani anaingia lini, ndiyo maana inakodishwa mara mbili.

Ninachoomba si kikubwa. Wenye nyumba hizi walipwe kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, si laini ya mke. Watoe stakabadhi yenye tarehe za kuingia na kutoka, na iandikwe nyumba ikikosekana pesa inarudi yote, siku hiyohiyo. Na ofisi ya mtaa iwe na orodha yao, mtu akipiga kuuliza ajibiwe kama nyumba ipo na ni ya nani.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alinipigia. Amesikia nashona mapazia, anataka tumalizane kwa kazi: nimshonee ya nyumba nzima, deni life. Ananiuliza ni lini nitakwenda kupima madirisha. Sijamjibu. Nyumba ile mpaka leo sijaingia ndani.

Fundi cherehani,
Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam
(Jina langu lihifadhiwe)