Wito wa harambee: shule yetu ya zamani Mikindani iwe ukumbi wa ngoma na maonyesho

Ndugu zetu wa Mikindani, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Usiku ule wa Aprili mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, alikuwa akivalishwa nyuma ya mkeka ulioshikwa na vijana wawili, kwa kuwa hatuna hata chumba cha kumsitiri, mvua ikamwagika ghafla na upepo ukaupokonya mkeka mikononi mwao. Watoto waliokaa mbele wakamwona uso kabla hajavaa kinyago, wakamtaja jina. Kwa asiyeijua mila ya Wamakonde hilo huenda likaonekana jambo dogo, lakini anayecheza ndani ya kinyago hapaswi kujulikana, na mzee aliyeongoza ngoma ile aliondoka bila kuaga, amezifunika ngoma zake kwa shati lake mwenyewe. Aibu ile ni yetu sote.

Hatua chache kutoka hapo limesimama jengo la shule yetu ya zamani, bila paa, tangu wanafunzi walipohamia madarasa mapya. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zingali imara, na serikali ya mtaa imeridhia tulitumie. Ukuta wa matofali uliokuja kugawa madarasa mawili, ambao haubebi kitu, utabomolewa. Jukwaa litakaa palipokuwa na ubao, na ofisi ya mwalimu mkuu itakuwa chumba cha wachezaji. Fundi ametuonya tusipige lipu ya sementi, kwani hufungia unyevu ndani ya ukuta hata mawe yakaanza kumeguka, hivyo itatumika chokaa ingawa huchelewa kukauka. Milango miwili mipana itafunguka kwa nje, kwa usalama wa watu.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, lilikarabatiwa kwa juhudi za taasisi ya Uingereza na leo ni hoteli, tunashukuru. Je, na shule tuliyojifunzia irabu tuisubirishie wageni? Wengi wetu tukija harusini hupiga picha mbele ya kuta zake, kisha tukarejea Dar es Salaam.

Hatujasahau kwamba kisima cha msikiti kilipochimbwa, waumini wa kanisa ndio walioleta kokoto, na Mwenyezi Mungu aliwaona. Sasa tunahitaji mabati 140 na boriti 36 kabla ya mvua za Desemba, nasi tunawaomba wenye mishahara watangulie kwa paa, kwa sababu minada ya korosho huanza Oktoba na malipo huchelewa. Mkulima aahidi kilo zake kwa ajili ya chokaa na vyoo, naye fundi siku zake za kazi. Kila mchango utatolewa stakabadhi, na mahesabu yatabandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya mtaa.

Mweka hazina anapokea ahadi katika ofisi hiyo kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na kila Jumapili baada ya ibada.