Mume wangu alinicheka mbele ya watoto kwa deni la dukani, na sasa kuna jambo nimemficha

Shikamoo Anti,

Ni saa tisa na nusu usiku. Niko jikoni, mlango nimeurudishia ili taa isimwamshe baba watoto. Leo ni usiku wa tatu silali. Nikifumba macho naiona ile karata tu, mbili ya kopa. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana najua kuna watakaosema mwanamke mzima anakosa usingizi kwa ajili ya karata.

Kwetu Jumamosi usiku tunacheza, baba, mama na watoto watatu. Tulianza mwaka 2020, mwezi wa tatu, shule zilipofungwa kwa corona. Baba yao alikuwa stoo katika hoteli moja mjini, wageni wakaacha kuja, wakaambiwa warudi nyumbani wataitwa. Kuitwa kwenyewe hakukuwepo. Watoto ndani kutwa, baba yao kwenye kochi haongei, mimi nazunguka na sufuria lisilo na kitu. Jumamosi moja nikatandika mkeka sebuleni, nikalishusha bao la marehemu baba mkwe kutoka juu ya kabati. Lilitoka Rufiji, zito, mashimo yote 32, na komwe zake 64 kwenye mfuko wa kaniki. Baba yao akaliangalia, akashuka kwenye kochi. Usiku ule ndiyo nilisikia sauti yake tena.

Komwe tatu zilipotea siku hizo hizo, kitinda mimba alizitupa dirishani, alikuwa na miaka minne. Nikaenda dukani kwa Mangi kumwuliza kama ana kitu cha badala. Akatumbukiza mkono kwenye kopo la goroli, akanipa tatu, hela akakataa. Mpaka leo bao letu lina komwe 61 na goroli tatu za Mangi. Baba yao anazipenda zile goroli kuliko komwe za baba yake. Anajifanya anachota bila kuangalia, kumbe anazitafuta mkononi, na goroli ikitua kwenye nyumba inalia peke yake, anacheka.

Nakueleza hili la goroli ujue kwamba Mangi hakuwa mtu wa nje katika Jumamosi zetu. Watoto walikuwa wanatumwa kwake magharibi: bisi, ubuyu, karanga za kupima. Hata karata tulinunua kwake. Na mwaka ule tulikula kwake, Anti. Nusu ya sembe, robo ya sukari, mafuta ya mia tano anakupimia kwenye chupa yako, kiberiti, chumvi, vyote kwenye daftari. Binti yetu mkubwa ndiye alikuwa anabeba daftari, darasa la sita, anasimama pembeni mpaka wateja wenye hela waishe. Sijawahi kumfundisha asimame pembeni. Alijua mwenyewe. Mangi akawa anamwita mbele: "Njoo binti, mama anasubiri jikoni." Daftari lilifika 387,500. Naikumbuka hiyo hesabu kama ninavyokumbuka tarehe za kuzaliwa wanangu. Hakutuma mtu kudai hata siku moja. Tulilipa kidogo kidogo, tukamaliza mwaka uliofuata, akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, akanirudishia daftari. Ninalo.

Baba yao miezi ile yote hakukanyaga dukani. Alikuwa anazungukia njia ya msikitini ili asipite mbele ya duka. Mimi ndiye niliyepita, mimi na mtoto.

Sasa nisikilize. Mungu akajalia akapata kazi nyingine, nzuri kuliko ile ya hoteli, tuna kigari. Tangu mwaka juzi anasema mahitaji yote tununue mara moja kwa mwezi, supermaketi. Anasema bei imeandikwa, hakuna kupunjwa, hakuna kupimiwa na jiwe. Anasema kwa Mangi sukari imezidi mia mbili. Nami namwambia, na mafuta ya gari unayachoma bure? Na hiyo supermaketi siku umebaki na elfu moja itakuuzia robo ya sukari? Mwaka 2024 mwanzoni, sukari ilipopotea baada ya zile mvua za El Niño kuvuruga mambo viwandani, tulizunguka na gari lake hilo tukaambiwa imeisha. Aliyeniwekea kilo chini ya kaunta ni nani? Baba yao alikunywa chai ile.

Sitaki kusema uongo, hata mimi kule napapenda. Kuna ubaridi, kuna kitoroli, mwanangu wa mwisho anasukuma akijiona dereva. Mara ya kwanza nilivaa gauni la sikukuu kwenda kununua unga. Kwa hiyo sisemi tusiende kabisa. Au niseme tu ukweli, ningependa tusiende. Sijui.

Siku moja, mwezi wa kwanza mwaka huu, gari lilikuwa gereji tukarudi na bajaji, akatushusha barabarani. Ikabidi tupite mbele ya duka, mifuko mikononi, ina jina kubwa ubavuni. Baba yao akatangulia. Mangi alikuwa nje anapanga ndoo. Akanisalimia kama kawaida, "Za huko mama," kisha akainama akazipanga upya ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangika. Hakutaka nijue ameiona mifuko. Anti, angenitukana ningelala usiku ule.

Ndiyo nikaanza kununua kwake kimya kimya. Hilo nitalirudia.

Sasa hiyo Jumamosi. Tulikuwa tunacheza lasti kadi, wote watano. Nilikuwa nimebaki na karata moja, nimeshatangaza, nimeshinda kabisa. Zamu ya baba yao. Akatupa mbili ya kopa, maana yake niokote mbili. Akapiga goti, akasema kwa sauti: "Kopa! Mwacheni mama yenu, kukopa kashazoea kwa Mangi."

Watoto wakacheka. Wa kati alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Kitinda mimba hata hajui anacheka nini, mwaka ule wa daftari alikuwa mdogo. Binti mkubwa, yuko kidato cha nne sasa, hakucheka. Aliangalia karata zake hivi, hakuinua uso.

Nilikopa kwa ajili ya nani? Hilo ndilo linalonikaba. Nilikopa nikavae? Nilikopa nikale peke yangu? Mtu aliyekuwa anazungukia njia ya msikitini leo anapiga kopa mbele ya wanangu na kunifanya mimi ndiye mkopaji wa nyumba hii. Nikamwambia, "Yule mtu alikulisha." Akasema, tena kwa upole, na huo upole ndio umeniumiza zaidi, "Mama watoto, yule ni mfanyabiashara. Alikopesha akalipwa, na faida yake alipata. Si ndugu yetu." Nikazitupa karata zangu, nikainuka, nikaenda kulala. Sijawahi kuinuka kwenye mchezo tangu 2020. Kwetu anayeshindwa anaosha vyombo, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka mchezo haujaisha. Sheria hiyo niliiweka mimi.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetandika mkeka. Na iliyofuata. Sasa ni wiki ya nne. Kila mtu na simu yake, wa mwisho anachungulia ya dada yake. Baba yao anaangalia mpira, na mpira wenyewe ukiisha anabaki anaangalia matangazo. Namsikia usiku anageuka. Hajasema samahani, nami sitaki samahani yake. Nataka tu arudi kwenye mkeka kama zamani, yaishe. Ila akirudi bila kusema kitu mbele ya wale wale watoto waliocheka, sidhani kama nitaweza kushika karata.

Dada yangu anasema ni utani, wanaume ndivyo walivyo, alikuwa anashindwa na mkewe akatafuta pa kutokea. Labda. Mume wangu si mtu mbaya, naomba usije ukaandika ni mtu mbaya. Hanipigi, hanywi, mshahara ukiingia naujua. Lakini kuna utani unaomtania mtu kwa alichofanya na kuna utani unaomtania kwa alichokufanyia wewe. Mimi nilisimama pale kaunta mwaka 2020 na khanga imetoboka nikaomba unga kwa ajili ya tumbo lake.

Nimesema nitarudia lile la kununua kimya kimya.

Kila mwezi baba yao ananipa laki moja ya mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Wanawake 12 hapa mtaani, ulianza mwezi wa kwanza, zamu yangu ni ya mwisho, Desemba, milioni moja na laki mbili. Yeye hiyo hela ameshaipangia bati za nyumba yetu ya Chanika. Fundi ameshaambiwa. Mara mbili nimemsikia kwenye simu anasema, "Desemba mama watoto anapokea." Anasema kwa kujivuna, Anti, kama mtu mwenye mke wa maana.

Mimi simo kwenye huo mchezo. Wiki ile ile ya ndoo nafasi yangu nilimwachia mwenzangu kabla hata hatujaanza kuchangia. Hela yote inakwenda kwa Mangi. Mwezi huu inatimia milioni moja. Sukari yake naimwaga kwenye mfuko wa supermaketi. Unga vilevile. Mchele nampelekea mama yangu Muheza, kwenye basi. Chini ya kitanda cha binti kuna miche 14 ya sabuni. Mimi si mwizi. Sijanunua hata doti moja ya khanga, sijaenda saluni, uliza mtu yeyote. Kila shilingi imegeuka kitu cha kula au kufulia. Lakini milioni haipo, na Desemba ipo.

Nilidhani nikinunua kwa nguvu duka litasimama. Anti, laki moja ya mtu mmoja haisimamishi duka. Friji lake la soda amelizima, linakula umeme kuliko linachouza. Rafu za juu ameanza kupanga makopo kwa mbele tu, nyuma hakuna kitu. Si sisi peke yetu tuliohama, mtaa mzima unapitisha mifuko. Wale wale wanaokimbilia kwake saa nne usiku na jero ya mafuta, hela ya siku ya mshahara wanaipeleka kule. Kila Desemba anapanda Rombo kwa Krismasi, duka linafungwa, na ndiyo mtaa mzima unakumbuka kuwa yupo, watu wanatembea mpaka barabarani kutafuta chumvi. Safari hii amesema akipanda huenda asirudi, anatafuta mtu wa kumwachia fremu. Aliniambia huku ananifungia sabuni. Nikanunua mche mwingine, sikujua la kusema.

Kwa hiyo swali langu ni hili: nifanye nini baba watoto arudi kwenye mchezo wa Jumamosi na ajue aliniumiza?

Ndilo swali. Na lile la hela pia, kama una nafasi. Nimwambie sasa, wakati yeye ndiye mwenye kosa, labda itakuwa rahisi? Au ataona nimeifanya ile karata kuwa kisingizio? Kwa sababu akijua, lile neno lake linakuwa la kweli, mbele ya watoto, kwamba mama yenu na Mangi ni mambo ya kificho na madeni. Na sikukopa, safari hii nimelipa taslimu, kila kitu, hata yeye Mangi ananishangaa. Nimefikiria pia kumwomba Mangi aniazime milioni na laki mbili nimwonyeshe baba yao, kisha tutajua mbele ya safari. Nimeandika nikaona mwenyewe. Hana hiyo hela, na hata angekuwa nayo, ningekuwa nimekwenda kufanya kile kile nilichochekewa.

Binti mkubwa nadhani anajua. Jana alikuwa anafagia chumbani, akaivuta ile miche ya sabuni, akaisukuma tena ndani zaidi ukutani, akaendelea kufagia. Hakuniuliza. Ana mtihani wa taifa mwezi ujao, sikutaka abebe na hili, ameshabeba daftari.

Naomba usitaje mtaa wetu. Kazi ya baba yao nimeitaja mwenyewe, kama inawezekana iondoe. Ukijibu, jibu mapema, usisubiri Desemba.

Keshokutwa ni Jumamosi. Jioni hii, wakati natenga chakula, kitinda mimba amekuja na ule mfuko wa kaniki, amezihesabu zote, akaniambia ziko 64, pamoja na goroli, hakuna iliyopotea. Baba yake alikuwa mlangoni anavua viatu, akasikia. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu.