Robo ya Matibabu ya Mama

Chennai

Mpenzi rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje? Barua yako nimeipata, na yale maneno yako, "mimi nipo nipo tu hapa kitandani kwake, wanaomtibu ni madaktari," yamenikaa rohoni.

Watamil, watu wa huku kusini mwa India, wana kitabu chao cha kale, Tirukkural cha Tiruvalluvar, chenye beti 1,330 za mistari miwili miwili. Sura ya 95 inahusu dawa. Nilitarajia mizizi na majani, nikakuta sehemu kubwa inazungumzia kula: ngoja ulichokula kwanza kisagike, kisha ule kwa kiasi, ukiwa na njaa ya kweli, tena kile kinachokupatana. Afanyaye hivyo mwili wake hauhitaji dawa.

Lakini ubeti wa mwisho ndio uliofanya nishike kalamu. Matibabu, anasema, yana sehemu nne: mgonjwa, tabibu, dawa, na yule anayemuuguza. Umeona, Mwanaidi? Wewe ni robo ya matibabu ya mama! Niliusoma nikalia, maana nilikuona wewe na kile kibakuli cha uji.

Kuna kingine, Acharakkovai, cha beti 100 za adabu. Kuhusu kula kinasema mtu aoge, anawe miguu, asukutue, akae vizuri akielekea mashariki, asiongee, asimwage chakula. Vitamu vianze, vichungu vije mwisho. Na asile kabla hajawapa wageni, wazee, ng'ombe, ndege na watoto. Ndege! Nikamkumbuka mama yako akiwatupia kuku wa jirani makombo kabla yeye hajagusa sahani.

Na kitabu cha tatu, Tirikadugam, jina lake ni la dawa ya vitu vitatu: tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu. Kila ubeti wake unafunga mambo matatu pamoja, kama dawa ile inavyochanganywa. Napenda sana kwamba kitabu cha maadili walikiita kwa jina la dawa.

Sasa nakuomba jambo moja. Uliniandikia kwamba unakula umesimama mlangoni, tena mara moja kwa siku. Kaa chini ule, dada. Mama akilala mchana, nawe tandika mkeka, nawa, ule taratibu.

Mpe mama shikamoo yangu. Ukijibu, niambie leo amekula nini, na wewe umekula nini.

Wako akupendaye,
Zuhura