Kibao kidogo mahali palipopigwa filamu

Mhariri,

Nilipomtembelea binti yangu Washington, nilipanda ngazi 75 za Georgetown, zile ambazo padri anaporomoka kwazo katika filamu ya kutisha ya The Exorcist ya mwaka 1973, nikakuta kibao cha kumbukumbu kilichozinduliwa mwaka 2015, na vijana wakizipanda mbio kwa mazoezi bila hofu yoyote (mimi magoti yaligoma katikati). Mahali penyewe ni pa kawaida mno, na utamu wake uko hapo hapo. Wenye hoteli ya Timberline huko Oregon, ambayo sura yake ya nje inaonekana katika filamu nyingine ya kutisha, The Shining ya mwaka 1980, waliomba chumba cha kutisha, ambacho kitabuni ni 217, kiitwe 237 kwenye filamu, namba isiyokuwapo hotelini, wageni wasije wakakikimbia. Leo hicho 217 ndicho kinachoombwa kuliko vyote.

Hapa kwetu, ilikopigwa filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ninapita River Road kila wiki na sijaona hata kibao kimoja cha namna hiyo. Naiomba kaunti ianze na kimoja tu.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi