Barua kwa mwanangu: Msianze na ile ndefu kuliko zote

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima wa afya na kazi ya likizo haikuchoshi sana. Sisi hapa Columbus hatujambo. Baba yako anakusalimu, na mdogo wako haachi kuuliza utakuja lini.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba Jumatano wewe na wenzako wa chuo mnakwenda Cedar Point, ile bustani ya michezo yenye rolakosta, yaani treni za starehe zinazopanda na kuteremka vilima vya reli, nusura nipige kigelegele mbele ya wateja. Miaka yote ile wewe ulikuwa mtu wa benchi. Mlikuwa mkikaa na baba yako mmekumbatia mikoba, mimi napanda, nikishuka nakusimulia, nawe unasikiliza kwa makini lakini hunyanyuki. Sikukulazimisha hata siku moja, kwa sababu mtu aliyesukumwa kwenye rolakosta hufumba macho mwanzo mpaka mwisho akashuka hajaona kitu. Sasa umetaka mwenyewe. Ukaniuliza: "Mama, tuanze na ile ndefu kuliko zote ili hofu iishe mara moja?" Dukani palikuwa na kelele, nikakujibu nusunusu. Jibu langu kamili ndilo hili.

Msianze na ndefu. Mkishaanza kuivuka ile barabara ya juu ya maji kuingia kwenye rasi, kila mmoja garini atanyoosha kidole kwenye mnara wa rolakosta ya Top Thrill 2, mita 128 kwenda juu, na mtu lazima atasema twende pale kwanza. Mnara ule ni kazi kubwa ya uhandisi, siubezi. Lakini katika mambo haya hakuna kinachopitwa upesi kama urefu. Magnum XL-200 ilipofunguliwa palepale mwaka 1989 ilikuwa ya kwanza duniani yenye reli ya mzunguko kamili, inayokurudisha ulipoanzia, kuvuka futi 200 kwenda juu. Ilifika mita 62 na watu walidhani hapo ndipo mwisho. Mwaka 2000 ikaja Millennium Force, mita 94. Mwaka 2003 ukasimama huo mnara wa mita 128. Mwaka 2005 watu wa New Jersey wakajenga Kingda Ka, mita 139, ikawapita wote. Unajua iko wapi leo? Februari 2025 waliiangusha kwa baruti. Na palepale Cedar Point kuna Blue Streak, rolakosta ya mbao ya mwaka 1964, mita 24 tu kwenda juu, ambayo Kingda Ka imeikuta na imeiacha ikipakia watu. Anzeni na hiyo.

Nakutuma kwa Blue Streak kwa sababu pale kila kitu utakisikia wazi. Utakaa, mhudumu atakuja kuvuta chuma cha mapajani kuhakikisha kimeshika, halafu mnyororo utaikamata treni na kuanza kuipandisha. Chini ya miguu yako utasikia ka-ka-ka-ka. Watu wengi wakisikia mlio ule hukaza meno, wakidhani kitu kinavunjika. Ni ulimi wa chuma chini ya gari, unapita juu ya meno yaliyopangwa kando ya mnyororo na kuangukia jino moja baada ya jingine, ili hata mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma hata shubiri. Mimi tangu nilipojua hivyo, mlio ule hunituliza moyo.

Mkifika juu mnyororo unaiachia treni, na kuanzia hapo hakuna injini. Wenzako watashangaa ukiwaambia. Nguvu yote ya safari mliipata mlipokuwa mkipandishwa. Iliyobaki ni uzito wenu na mteremko, huku msuguano na upepo vikiila nguvu hiyo kidogo kidogo, ndiyo maana vilima vya mwisho huwa vifupi kuliko vya mwanzo. Siku ya joto, mchana ukishasogea na grisi ikalainika, treni hukimbia zaidi kuliko asubuhi. Kwa hiyo ile uliyoipanda saa tano asubuhi ipande tena jioni, utaona tofauti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lile ambalo nimekuwa nikikusimulia pale kwenye benchi bila kuweza kukuonyesha. Treni ikipita juu ya kichwa cha kilima kwa kasi, mwili wako unataka kuendelea mbele na juu, lakini reli imeshaanza kushuka. Kilima kikichorwa kwa mkunjo uleule ambao ungeufuata mwili uliotupwa hewani, wewe na kiti mnashuka pamoja na uzito wako unapotea: mikono inanyanyuka yenyewe, tumbo linakuwa jepesi, shungi inainuka mabegani. Huko ndiko kuelea. Kikichorwa kikali zaidi, kiti kinakukimbia na unabaki umeshikwa na chuma cha mapajani peke yake. Kwangu mimi hicho ndicho kinachonitoa nyumbani alfajiri. Vitanzi vya kugeuza kichwa chini navipenda, lakini nisingeendesha gari saa mbili na zaidi kwa ajili ya vitanzi.

Na ujue anayestahili shukrani kwa hilo. Treni za zamani zilikaa juu ya reli tu, kwa hiyo hazikuweza kwenda mbio juu ya kilima kikali, zingeruka. John Miller, fundi wa Kimarekani aliyebuni rolakosta nyingi za mbao, mwaka 1919 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya gurudumu linalokaa chini ya reli. Ukiwa kwenye foleni karibu na jukwaa, chuchumaa kidogo utazame: kila gari lina magurudumu juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini. Hayo ya chini huyaoni ukiwa umekaa, lakini kila ukielea ndiyo yanayoishikilia treni.

Kabla ya Miller alikuwapo LaMarcus Thompson, ambaye huwa namtaja kila nikipata nafasi kwa sababu ni jirani yetu. Alizaliwa mwaka 1848 Jersey, kijiji cha hapahapa Ohio ambacho kutoka kwetu si mbali. Mwaka 1884 alifungua reli yake ya starehe Coney Island, New York. Watu walipanda ngazi hadi juu ya jukwaa, wakakaa kwenye benchi wakitazama ubavuni, wakateremka kwa mwendo wa kilomita kama 10 kwa saa, yaani mtu mwenye haraka zake angeweza kuwakimbilia. Nauli senti 5. Upande wa pili walishuka, gari likahamishiwa reli nyingine, wakarudi. Walipanga foleni kwa ajili ya hilo! Na kabla yake, huko Mauch Chunk, Pennsylvania, kulikuwa na reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani. Nyumbu waliovuta magari matupu kuyarudisha juu walikuwa wakiteremka wamepakiwa ndani ya treni hiyohiyo. Baadaye watu wakaanza kulipa ili nao wateremke. Nikisoma habari hizi nafurahi sana, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Waliona kitu cha kazi kinateremka, wakatamani.

Bibi yako hadi leo huniuliza mama mtu mzima anatafuta nini kwenye pembea. Namjibu kwamba yeye ndiye aliyenianzisha, maana Unguja tulikuwa tunazingoja pembea za Sikukuu Mnazi Mmoja kama tunavyoungoja mwezi wenyewe, na alikuwa akinipa hela zangu za Idi akijua zote zitaishia huko. Hucheka, halafu mwaka unaofuata huuliza tena.

Baada ya Blue Streak nendeni Magnum. Mtaiona imelala kando ya Ziwa Erie, na ukiwa unapandishwa usitazame chini, tazama maji. Mteremko wa kwanza ni mzuri, lakini usije ukadhani umemaliza. Subiri igeuke kule mwisho ianze kurudi. Vile vilima vya kurudi vina vichwa vikali, vinakuja kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinakunyanyua kitini bila kukuomba radhi. Shika chuma vizuri, kaza mgongo. Kuna wanaoilalamikia kuwa inaumiza mapaja, na ni kweli inagonga. Mimi naipenda hivyohivyo ilivyo.

Millennium Force itakuwa kitu kingine kabisa. Pale hakuna mnyororo wala ka-ka-ka; kebo inakuvuta kwa pembe ya digrii 45, kimya na upesi, na hupati muda wa kubadilisha mawazo. Mteremko ni digrii 80, kasi kilomita 150 kwa saa. Nitakuambia ukweli wangu ingawa wengi watanipinga: kuelea kwake ni kwa upole, hakuwezi kushindana na Magnum. Uzuri wake ni mwendo. Jioni, jua likiwa linazama ziwani, mwendo ule unatosha.

Kuhusu viti. Anayekaa mbele anapata upepo na kuona njia yote. Anayekaa nyuma huvutwa kileleni na magari ya mbele ambayo tayari yanashuka, kwa hiyo mteremko wa kwanza humpokonya kiti. Foleni ya kiti cha mbele huwa ndefu. Nyuma mara nyingi utapita upesi, na kwa maoni yangu utafaidi zaidi. Kichefuchefu kikikujia, egemeza kichwa, tazama mbele kule reli inakokwenda. Ule kidogo kabla, unywe maji mengi. Na shungi vaa ile ya kuvuta, ya kitambaa cha jezi, uichomeke yote ndani ya blauzi. Usiweke pini. Simu iwe kwenye mfuko wenye zipu au kwenye kabati la kukodi, na miwani uiulize kwa mhudumu.

Najua ndani yako hofu haijaisha, na haina ubaya. Lakini hofu hiyo uipe habari za kweli. Mafundi hukagua reli na treni kila asubuhi kabla mageti hayajafunguliwa. Reli imegawanywa vipande, na mfumo hauruhusu treni mbili ziwe kwenye kipande kimoja. Breki za rolakosta nyingi za kisasa ni za sumaku, zinasimamisha treni hata umeme ukikatika. Upepo ukizidi au radi ikikaribia, zile ndefu ndizo hufungwa kwanza, na msinung'unike. Nendeni kwenye za chini. Treni ikisimama juu ya mpando, mara nyingi ni mfumo umeona kitu kidogo umejizuia. Kaa, sema na jirani yako, subiri mhudumu.

Siwezi kumaliza barua hii bila kuitaja rolakosta ya The Beast, ingawa haiko huko. Iko Kings Island, bustani nyingine ya michezo, upande wa Cincinnati. Ni ya mbao, ya mwaka 1979, na hadi leo ndiyo ya mbao iliyo ndefu kuliko zote duniani kwa urefu wa njia, mita 2,243, safari ya zaidi ya dakika nne ndani ya msitu. Mchana ni nzuri. Usiku ni yangu. Mara ya mwisho nilikaa nyuma kabisa, mvua ilikuwa imepita jioni, mbao zinanukia unyevu na grisi. Baada ya mpando wa pili taa zikaisha. Sikuona hata mkono wangu. Treni ikashuka mteremko mrefu, ikaingia kwenye mapango ya mbao, ikazunguka imeinama upande mmoja, kila ubao unanguruma, na kijana wa kiti cha mbele yangu, ambaye kwenye foleni alikuwa akijigamba, akaanza kuita mama yake. Nikamwambia mama yupo nyuma. Hiyo tutapanda pamoja, mimi na wewe, kabla msimu haujafungwa.

Kwa Jumatano, huko Cedar Point, rolakosta ya Steel Vengeance iwekeni mwisho. Zamani palikuwa na rolakosta ya mbao iitwayo Mean Streak, ya mwaka 1991, ambayo ilikuja kuwa ya kutikisa mifupa. Hawakuibomoa yote. Walichukua kiunzi chake cha mbao, wakakirekebisha, wakalaza juu yake reli ya chuma, wakaifungua mwaka 2018. Mteremko wa digrii 90, mara nne kichwa chini, na wenyewe walipoitangaza walisema ina sekunde 27.2 za kuelea. Nusu ya mwisho inapita katikati ya mbao zake yenyewe, kilima juu ya kilima, na hupati hata nafasi ya kupumua. Ni mita 62 tu, sawa na Magnum. Ungeanza na mnara wa mita 128 asubuhi, ungeipita hii ukidhani ni ndogo.

Foleni yake ni ndefu, jipangeni mapema. Ombeni kiti cha nyuma. Ukishuka, kabla hujawasimulia wenzako, kabla hujanunua maji, nipigie. Sitalala. Nataka uniambie ulikaa kiti cha ngapi na ni kilima gani kilichokunyanyua zaidi, maana mimi ninacho changu na nataka kujua kama ni hichohicho.

Akupendaye,
Mama yako