Barua kwa mwanangu: hao wasichana wafundishe bei

Mwanangu,

Sisi hatujambo, isipokuwa mama yako na goti lake. Kaka yako kanisomea ujumbe wako, kwamba Jumatatu unaanza kuwafundisha wasichana wa kidato cha tatu hapo Arusha, wabuni kitu, wakitengeneze, wakiuze. Mtaa mzima wa Gerezani, hapa Dar, nimewatangazia, hadi muuza kahawa anajua. Lakini usiku usingizi ulikata, nikawa nawaza neno moja tu: bei. Nani atawafundisha bei?

Kuchora na kupima najua utawafundisha vizuri kuliko mimi. Utawatuma pia wakaulize watu kabla ya kukata chuma, na hapo usiwe na haraka. Mashine yangu ya kukunia nazi uliiona ilivyoishia kwenye chuma chakavu. Nilichokuwa sijakwambia ni kwamba niliipima kwa kimo changu mimi. Akina mama wa sokoni walikuwa wananyanyua viwiko kama wanaanua nguo. Na mama yako miaka yote hiyo anakuna nazi kwa mbuzi, hatua tano kutoka nilipokaa, sikumuuliza hata neno.

Wakishauliza, sasa bei. Chukua meza ndogo ya chuma. Engo, vijiti vya kuchomelea, rangi, tuseme 28,000. Msichana atauza 30,000, atarudi anacheka eti faida 2,000. Siku mbili za mikono yake ziko wapi? Umeme? Mkokoteni? Na ile meza ya kwanza iliyopinda, hasara yake inaingia wapi? Vijana wa kiume hapa kwetu wanataja bei hata ya kitu wasichojua kukitengeneza. Binti anataja hela ya vyuma, ananyamaza, mteja anaondoka na meza huku anamwombea dua.

Ulinisimulia wale wasichana watano wa Kisumu waliofika fainali za Technovation, yale mashindano ya wasichana ya kubuni programu za simu, kule California mwaka 2017 na programu yao ya i-Cut, ya kumsaidia msichana aliye hatarini kukeketwa. Nikakuuliza nani atailipia, ukanuna. Sikuwadharau. Anayekimbia hawezi kulipa, hilo nalijua. Basi yupo mwingine wa kulipa, na huyo atafutwe mapema, kabla hata kitufe cha kwanza hakijachorwa. Wako nao waulize hivyo hivyo, hata wakinuna.

Na wasidhani wakisajili jina la biashara BRELA basi kitu chao hakiigwi. Jina ni jina. Uvumbuzi una ombi lake la hataza, ile haki ya kumzuia mwingine asiuige. Komeo langu la geti nililitoa nje Jumatatu, Ijumaa linauzwa karakana ya tatu kutoka kwangu.

Wewe mwenyewe umeambiwa utalipwa shilingi ngapi? Nimeuliza mara mbili, umejibu "tutaona, baba". Tutaona ndiyo bei gani hiyo? Diploma ya ufundi mitambo, darasa zima la watoto wa watu, halafu tutaona! Utasimamaje mbele yao?

Ingawa sijui mimi ni nani wa kusema. Kaka yako nilimpa chake kila Jumamosi kwa kushika grinda. Wewe ulipaka mageti rangi likizo mbili, na daftari la oda lilikuwa mwandiko wako, nikawa nakununulia soda. Wateja nawaambia, binti yangu huyo, anamsaidia baba. Wiki hii jambo hilo linanijia tu, hasa nikiwa napaka rangi.

Kwa hiyo tenga siku nzima ya bei. Kila mmoja asimame, ataje yake kwa sauti, amtazame mteja usoni, asicheke, na asipunguze kabla hajaombwa. Ukiona anayeinamisha kichwa, mrudie huyo.

Mama yako anataka maharage ya huko, debe moja, si gunia kama mwaka jana. Wadudu walikula nusu. Bati la jikoni linavuja tena pale pale. Friji limerudi kwa fundi, na tangu lirudi LUKU inakwisha kama maji.

Nimekutumia 60,000 kwenye simu. Si nauli. Kaka yako usimwambie. Na spana yangu namba 17 ninajua unayo wewe, uje nayo Desemba.

Baba yako